Mionzi Kabla ya Kisu

Tangu jaribio la FAST-Forward litoe matokeo yake mwaka 2020, ubishi kuhusu wiki ngapi za mionzi zinamtosha mgonjwa wa saratani ya matiti umepoa sana. Wagonjwa 4,096 walishiriki nchini Uingereza. Kwa waliopata grei 26 (grei ni kipimo cha mionzi) katika dozi tano za wiki moja, uvimbe ulirudi kwenye titi lilelile kwa asilimia 1.4 ndani ya miaka mitano. Kwa waliopata grei 40 katika dozi 15 za wiki tatu, asilimia 2.1. Lililobaki ni wiki hiyo moja iwekwe wapi, kabla ya upasuaji au baada yake, na hapo naona jibu hutolewa upesi mno.

Jibu lililozoeleka ni baada, na lina msingi. Uvimbe ukishatolewa mzima, maabara hueleza ukubwa wake, ukali wake, na kama kingo za nyama iliyokatwa ni safi, yaani hazina saratani. Tezi za kwapani nazo huchunguzwa. Ndipo daktari anajua nani anahitaji mionzi na sehemu gani. Ukitanguliza mionzi, sehemu ya ushahidi huo inafifia kabla haujasomwa, na yupo mwanamke atakayepigwa mionzi ambayo asingeihitaji. Hoja hii ni nzito.

Ila haimhusu kila mtu. Chukua mwanamke ambaye biopsi, yaani kipande kidogo cha nyama kilichochukuliwa na kupimwa, imeshaonyesha saratani katika tezi kadhaa za kwapani, na ambaye titi lote litaondolewa. Huyu kwa kawaida atapewa mionzi kwa vyovyote. Kwake limebaki suala la mpangilio tu. Na mpangilio wa kawaida unamgharimu pale anapotaka titi liundwe upya kwa nyama ya tumbo lake mwenyewe. Daktari huhamisha ngozi na mafuta pamoja na mishipa yake ya damu, kisha huiunganisha na mishipa ya kifuani chini ya darubini, kazi ya saa nyingi. Wiki kadhaa baadaye nyama hiyo hiyo inapigwa mionzi, na inaweza kusinyaa, kukakamaa na kupoteza umbo. Ndiyo maana wengi hushauriwa kungoja, wakaishi kwa miezi mingi bila titi. Mionzi ikitangulia, nyama ya tumbo inafika kifuani haijaguswa.

Watu huogopa kwamba kisu kitachelewa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini dawa za kemo hutangulizwa kabla ya upasuaji kwa miezi kadhaa na hakuna anayeziita kuchelewesha. Halafu kuna ucheleweshaji wa upande wa pili usiotajwa: mionzi ya baada hungoja jeraha lipone, na jeraha likigoma, tiba inasogea mbele pamoja nalo. Mionzi ikiwa imekwisha, jeraha gumu linabaki kuwa tatizo la jeraha.

Na jeraha ndilo kiini cha mabishano. Jaribio la PRADA la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2022, liliwafuatilia wanawake 33 waliopata mionzi kwanza, kisha wakaondolewa titi na kuundiwa jipya kwa nyama ya tumbo wiki mbili hadi sita baadaye. Wiki nne baada ya upasuaji, wanne walikuwa na jeraha la titi lililo wazi zaidi ya sentimita moja: asilimia 12. Wapinzani huishika namba hii kama ushahidi wa hatari, watetezi kama ushahidi wa usalama, kwa kuwa haitofautiani sana na inayoripotiwa pale mionzi inapokuja baadaye. Lakini ihesabu tena. Wangeongezeka wanawake wawili tu, tungesema asilimia 18. Wangepungua wawili, asilimia 6. Wanne katika 33 wanatuambia kwamba njia hii inatendeka, basi. Anayetaka namba hiyo imalizie mabishano anaibebesha mzigo isioweza kuubeba.

Tena mionzi ya PRADA ilikuwa ya wiki tatu, si ya siku tano, na FAST-Forward ilipima siku tano baada ya upasuaji, si kabla. Kuunganisha matokeo hayo mawili na kusema "siku tano kabla" imethibitishwa ni kuruka mto ambao bado hauna daraja. Kwenye saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, daraja lilijengwa: jaribio la Sweden la mwaka 1997 lilionyesha dozi tano za grei tano kabla ya upasuaji zikishusha kurudi kwa uvimbe nyongani kutoka asilimia 27 hadi 11. Hata hivyo waliopata mionzi hiyo walilinganishwa na waliopasuliwa bila mionzi, si na waliopata mionzi baadaye.

Wapo pia wanaopenda kumaliza yote palepale mezani, kwa dozi moja wakati wa upasuaji. Jaribio la ELIOT la Milan, Italia, lilishirikisha wanawake 1,305, na ndani ya miaka mitano uvimbe uliwarudia asilimia 4.4 ya waliopewa dozi hiyo moja, dhidi ya 0.4 ya waliopata mionzi ya kawaida. Hapo haraka ililipiwa.

Kwa mwenye uvimbe mdogo na tezi safi, mionzi ibaki baada ya upasuaji. Hana anachopata kwa kugeuza mpangilio. Kwa yule wa titi zima na tezi zilizoathirika, ningependa wapasuaji na madaktari wa mionzi wakae pamoja kabla tarehe ya chumba cha upasuaji haijaandikwa, na mgonjwa aingizwe kwenye jaribio linalolinganisha mipangilio yote miwili ana kwa ana, lenye wagonjwa wengi kuliko 33 na linalolitazama titi baada ya miaka, si wiki nne.