Sekstupoli imehukumiwa kabla ya kusikilizwa

Miongoni mwetu walimu wa fizikia hapa Tanga kuna hoja imeota mizizi: kwamba sumaku ya ncha sita, yaani sekstupoli, ni dawa inayouletea mwale wa chembe, kama wa elektroni zinazokimbizwa ndani ya mashine, maradhi mapya. Mwalimu mmoja wa Chumbageni, mtu ninayemheshimu kwa hesabu zake, husema mhandisi hodari huipanga njia ya mwale vyema tangu mwanzo, asihitaji kuja kutia viraka. Nusu ya maneno yake ni kweli tupu. Nusu nyingine inaionea sumaku hii.

Kwamba sumaku ya ncha mbili hupinda njia na ya ncha nne hukusanya mwale, tunajua sote. Tatizo ni kwamba ncha nne hazizikusanyi chembe zote mahali pamoja. Chembe yenye nishati kubwa hupindwa kidogo ikakutana mbele zaidi, yenye nishati ndogo hukutana mapema, na doa lililotakiwa kuwa dogo hutanuka. Kila sumaku ya ncha nne ina kasoro hiyo, na kundi la chembe zenye nishati sawasawa kabisa halipatikani. Katika mashine za mviringo zinazozungusha elektroni, kasoro hiyo ikiachwa, mwale huyumba na kupotea pale mkondo unapoongezwa. Mpango mzuri wa mwanzo hupunguza deni, haulifuti.

Sekstupoli hulilipa kwa sababu uga wake hukua kwa mraba wa umbali kutoka katikati. Iweke baada ya sumaku ya kupinda, mahali chembe zimekwisha tengana kwa nishati: zilizopita upande mmoja hukusanywa zaidi, za upande wa pili hukusanywa kidogo.

Sasa lawama. Sekstupoli haiulizi chembe imekwendaje pembeni. Iliyosogezwa na nishati yake na iliyosogezwa na mtikisiko wake wa kawaida zote hupigwa, na inayotikisika sana huweza kutupwa nje baada ya mizunguko mingi. Katika mashine za mviringo kama MAX IV ya Lund, Sweden, iliyozinduliwa 2016, elektroni hupindwa kidogo kidogo mara nyingi ili mwale uwe mwembamba. Kwa hiyo chembe hazitengani sana kwa nishati, sekstupoli inabidi ziwe kali, na eneo salama la mwale linabanwa. Hapo mwenzangu ana haki yake.

Lakini anaizungumzia sekstupoli moja, na zinazofanya kazi hii huwekwa mbili mbili. Karl Brown wa SLAC, maabara ya mashine za chembe huko California, aliuonyesha uzuri wa jozi. Baina ya sumaku mbili zilizo sawa weka mpangilio unaopindua mtikisiko, wa kushoto uje kulia na wa juu uje chini, huku mtengano wa nishati ukibaki upande ule ule. Pigo baya la sumaku ya kwanza hufutwa na la pili, na masahihisho ya nishati hujumlishwa. Huko KEK, maabara ya mashine za chembe ya Japani, kwa mpango unaotegemea sekstupoli zilizowekwa karibu na sumaku za mwisho za kukusanya, mwale wa elektroni ulibanwa hadi kimo cha chini ya nanomita 65 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Matokeo yalichapishwa 2014.

Kuna jambo lingine ambalo sichoki kulirudia. Mwaka 1936 Otto Scherzer alithibitisha kwamba lenzi ya kawaida ya duara ya hadubini ya elektroni haiwezi kamwe kuepuka kasoro ya tufe, ile ya miale ya pembeni kukutana mapema kuliko ya katikati. Mwaka 1990 Harald Rose alitoa mpango wa kutumia sekstupoli mbili nene. Madhara yake makubwa hufutana, na kinachobaki ni mabaki madogo ambayo alama yake ni kinyume cha kasoro ya lenzi. Mabaki yale yale tunayoyalalamikia ndiyo dawa! Maximilian Haider aliijenga, Knut Urban akiwa pamoja nao, na kufikia 1998 hadubini ya volti 200,000 iliyokuwa ikiishia kutenganisha vitu vilivyo umbali wa nanomita 0.24 ilishuka chini ya 0.14. Atomi mbili jirani za kaboni katika grafiti ziko umbali wa takriban nanomita 0.142. Mwanafunzi wetu anayezichora kwenye daftari la kemia aambiwe kwamba tofauti kati ya 0.24 na 0.14 ni tofauti ya kuona doa moja au atomi mbili.

Ni kweli sekstupoli si njia pekee. Ondrej Krivanek aliisahihisha kasoro hiyo kwa ncha nne na ncha nane, na Tuzo ya Kavli ya 2020, tuzo ya kimataifa ya sayansi, aliipata pamoja na Rose, Haider na Urban.

Hoja nzito zaidi dhidi ya sekstupoli mwenzangu hajaitaja bado. Sekstupoli ikikaa pembeni kidogo ya mstari wa mwale, hugeuka pia kuwa sumaku ya ncha nne asiyoitaka mtu, na jozi nzima huacha kufutana. Gharama yake halisi iko kwenye kuipima na kuiweka sawa, na huko ndiko ningependa mjadala wetu uhamie.