Pumba Tunawapa Kuku, Kisha Afya Tunaitafuta Dukani

Anayepeleka debe la mahindi mashineni huulizwa swali moja tu: unakoboa, au unasaga dona? Wengi wetu mjini hujibu kwamba tunakoboa, kwa kuwa ugali mweupe ndio unaohesabiwa kuwa ugali wa heshima, ilhali dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, huonekana kuwa chakula cha bweni au cha mtu aliyeishiwa. Kwa maoni yangu, jibu hilo lina uzito kwa afya ya nyumba kuliko chupa za vidonge vya vitamini zilizopangwa dukani.

Mashine ya kukoboa huondoa ganda la punje pamoja na sehemu kubwa ya kiini. Ganda lina nyuzinyuzi, ambazo hulainisha choo na kumfanya mtu ashibe kwa muda mrefu. Kiini nacho kina mafuta, madini ya chuma, zinki na vitamini kadhaa za kundi B. Sembe inayobaki ni wanga kwa sehemu kubwa, na pumba, yaani sehemu iliyobeba virutubishi hivyo, huenda kwa kuku na nguruwe. Kenya imelazimisha tangu mwaka 2012 unga wa mahindi unaofungashwa viwandani uongezewe vitamini na madini, hatua ninayoiunga mkono, ingawa inachekesha kidogo kwamba tunarudisha kwa gharama baadhi ya vitu tulivyoviondoa kwa gharama.

Hata hivyo, dona inahitaji mahindi safi, na hapa wanaoisifu mara nyingi hunyamaza. Sumukuvu hujikusanya zaidi katika ganda na kiini, kwa hiyo anayekula punje nzima iliyoota kuvu hula sumu yote. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua tena watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi ya dona yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, yakauke sawasawa, yachambuliwe kwa mkono na punje zenye kuvu zitupwe, wala zisipewe mifugo. Unga wenyewe usagwe kidogo kidogo, kwa sababu mafuta ya kiini huufanya uchache upesi.

Mboga nayo ina kazi yake. Dona ina asidi ya fitiki, ambayo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, lakini kachumbari iliyokamuliwa limau au kipande cha embe husaidia kulegeza kizuizi hicho, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula hukiongeza. Maharage na mchicha vinatosha siku nyingi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao huleta kalisi, na kwa familia isiyokunywa maziwa sijui kitoweo cha bei hiyo kinachowazidi.

Mgeni akija kwangu siku hizi hupewa dona. Anayeitazama sahani kwa huruma huongezewa dagaa.