Jirani asiyeandikwa kwenye daftari

Kwaresma ikikaribia, kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu hupita sauti ya mhubiri mmoja anayesema Ulaya dini imekufa, makanisa yamegeuka makumbusho, na watu hukaa ghorofa moja miaka ishirini bila kujuana majina. Chini yake zinafuatana amina. Kisha lazima atokee mmoja aongeze: "Tanga raha jamani, hata jirani ni ndugu." Mimi huisikiliza nikiwa kwenye treni ya alfajiri naelekea kazini, Stuttgart, Ujerumani, nikitaka kujibu, halafu naona jibu langu ni refu mno kwa kundi la matangazo ya vikao na picha za maua. Basi nimeamua kuliandika lote.

Mhubiri hajadanganya kila kitu. Tangu 2022 washiriki wa makanisa mawili makubwa ya Ujerumani, Katoliki na la Kiinjili, hawafiki nusu ya wananchi. Ninakosali mimi, Jumapili ya kawaida tunajaza mabenchi machache, na wengi ni wenye mvi. Lakini kuhesabu vichwa kanisani hakuniambii mengi. Mimi nauliza hivi: mtu asiye na mtu akiugua, nani anamwogesha? Hapo ndipo ninapoachana na mhubiri, na pia na yule wa Tanga raha.

Ujirani wa Tanga naujua, umenilea. Nimekulia Ngamiani, kwenye barabara za namba, nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati, na uani pote Walutheri tulikuwa sisi tu. Ramadhani mama alikuwa karibu hapiki jioni. Adhana ya magharibi haijamalizika, sahani zimeshaingia: mihogo ya nazi, tambi, viazi vitamu, na mkate wa kumimina uliotoka motoni sasa hivi. Krismasi ikawa zamu yetu. Kuku hachinjwi mpaka Mzee wa chumba cha mbele aje achinje kwa mkono wake, ili pilau liliwe na uani mzima bila mtu kusitasita. Hakuna aliyelifanyia mahubiri jambo hilo. Mwaka 2013, niliposikia kule Geita watu wamepigana hadi mchungaji akauawa kwa ugomvi wa nani achinje, ilinichukua muda kuelewa habari yenyewe ilikuwa inahusu nini.

Na hapa niseme ambalo baadhi ya wazee wa kanisa hawatalipenda. Ukarimu huo hatukuuleta sisi. Wamisionari waliotoka Ujerumani walishuka Tanga miaka ya 1890 wakapanda zao Usambara, na babu zetu wakabatizwa huko milimani. Tuliposhuka mjini kutafuta kazi bandarini na relini, sahani tulizikuta ziko njiani tayari, zinatoka chumba hiki kuingia kile. Tukajifunza. Kwa hiyo tunaposema, "Ukristo wetu uko hai, tazameni tunavyoishi na majirani," tunajisifia vazi la kuazima. Ni vazi zuri, tuendelee kulivaa. Ila swali la sisi tumeongeza nini bado liko pale pale.

Chukua msiba. Turubai hufungwa kabla taarifa haijawafikia ndugu wa Dar. Viti vimekodiwa, majamvi yametandikwa, kina mama wamefunga kanga viunoni wanapepeta mchele, vijana wako makaburini na majembe. Ukiwa msiba wa Waislamu, maziko hayalazwi, na sisi tunapokezana kulibeba jeneza pamoja nao. Ukiwa wetu, wao hukaa nasi siku zote za kuwangoja ndugu watoke Lushoto. Na kando, kwenye kimeza chenye kitambaa, amekaa mtu na daftari. Jina, kiasi. Jina, kiasi.

Silibezi daftari hilo. Kwa mtu asiye na akiba benki wala bima, lile ndilo bima. Leo umetoa elfu tano kwa mwenzio, kesho likikupata yatarudi, na hata mkwe wako wa mbali ataliona jina lako. Limewazika maskini wengi kwa heshima ambayo Stuttgart tajiri haipati. Huku nimeshuhudia maziko ya watu watatu, mmoja wao mwajiriwa wa kampuni ya mazishi.

Lakini daftari husomwa pia kinyumenyume. Akifa mtu ambaye jina lake halimo, husikii tusi wala ugomvi. Unasikia sauti ya upole kabisa: "Kwani yeye alimzika nani?" Sentensi hiyo nimeisikia vinywani mwa watu wema, watu wanaoongoza sala. Turubai linafungwa dogo, au halifungwi. Si mtu wa watu, basi. Na kanisani tumelihamishia hivyo hivyo: bahasha za ahadi zina namba, majina ya waliotoa husomwa, na kwenye mnada baada ya ibada mwenye nacho hununua trei ya mayai kwa bei ya mbuzi watu wakipiga vigelegele. (Mnada naupenda, niseme ukweli. Huku baada ya ibada watu wanapeana mkono na kuondoka, nami hubaki nimesimama kama ninayemngoja mtu alete jogoo.)

Sasa njoo huku. Kazi yangu ni kutunza wazee, kwenye nyumba inayoendeshwa na shirika la kanisa. Wajerumani wana bima ya matunzo tangu 1995. Mzee hupimwa uwezo wake akawekwa kwenye mojawapo ya ngazi tano, na kwa ngazi hiyo bima hulipa sehemu ya gharama. Sisi tunaoshika mwili, kila kitu tunaandika: amekunywa maji kiasi gani, amegeuzwa saa ngapi, ngozi ya kisigino ikoje. Neno la kwanza unalofundishwa ni kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Kwa hiyo na huku kuna daftari, tena nene kuliko letu.

Tofauti ni moja, na kwangu ni kubwa. Kwenye ghorofa yangu kuna mzee ambaye watoto wake wamekataa kumwona, na nikisikia aliyoyafanya nyumbani kwake siwalaumu. Anatukana. Maneno aliyoniita mimi siyaandiki. Anaogeshwa saa ile ile na kwa maji ya joto lile lile kama mchungaji mstaafu wa chumba cha pili. Hakuna anayeuliza alimzika nani. Nilipoanza kazi jambo hilo lilinisumbua. Moyoni nilikuwa Mtanga, nilitaka kwanza nijue huyu ni mtu wa watu au la.

Utaratibu huo haukuota wenyewe. Mwaka 1848 mtu aitwaye Johann Hinrich Wichern alisimama Wittenberg akawaambia Waprotestanti wenzake kwamba upendo ni mali ya kanisa sawasawa na imani. Viwanda vilikuwa vimejaza miji watoto wa mitaani na walevi, na walokole wa enzi hiyo wakisali vizuri tu. Yakafuata majumba ya wagonjwa, ya wenye kifafa, ya yatima. Ni wimbi hilo hilo, kupitia Bethel, kituo cha kanisa cha kutunza wagonjwa huko Ujerumani, lililofika kwetu: Lutindi, kule milimani Korogwe, walikotunzwa watoto waliotolewa utumwani, baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na ipo hadi leo chini ya dayosisi yetu. Waliopelekwa Lutindi ni watu ambao ukoo umechoka nao. Hawana cha kurudisha.

Leo gharama nyingi za huku hulipwa na bima, serikali na wazee wenyewe, wala si sadaka. Ila kanisa lina kodi yake: katika jimbo langu ni asilimia 8 ya kodi ya mapato, inakatwa na serikali kabla mshahara haujanifikia. Usipoitaka unakwenda ofisini, unasaini, umetoka kanisani. Jina lako halisomwi na hakuna kigelegele. Mama yangu nilipomweleza aliguna akasema, "Sasa Mungu atajuaje?"

Kuna kitu kimoja cha huku ambacho ningekipakia kwenye kontena nikilete Tanga. Katikati ya Stuttgart, Leonhardskirche, kanisa la kale lililopakana na mtaa wa madanguro, kila Januari tangu 1995 mabenchi huondolewa na kanisa huwa ukumbi wa chakula kwa wiki kama saba. Wanaiita Vesperkirche. Wanaolala nje, walevi, wastaafu ambao pensheni haifiki tarehe 20, wote hula meza moja chini ya mimbari, kwa bei ndogo mno, na daktari huwepo. Nimewahi kwenda kugawa supu. Karibu yangu alikaa mwanamke aliyevaa koti la manyoya, amekuja kula tu na watu, na mwingine mwenye mbwa na harufu ya siku nyingi. Wakaomba chumvi, wakapeana. Hakukuwa na mahubiri marefu.

Nikalikumbuka Luka 14. Yesu yuko mezani kwa mwenyeji mkubwa, anamwambia ukifanya karamu usiwaite rafiki, ndugu, wala majirani matajiri, wasije nao wakakualika ukawa umelipwa. Waite maskini, vilema, viwete, vipofu, kwa kuwa hawana cha kukulipa. Mistari hiyo Tanga tunaipita haraka, kwa sababu tukiitii harusi zetu zote zinavunjika. Inaligusa daftari moja kwa moja. Na haiwaachi salama Wajerumani: wao wamewalisha vipofu vizuri sana, tatizo ni nani atakaa nao mezani. Yule mzee wangu anayetukana, Jumapili mchana kiti chake kinageuzwa kuelekea mlangoni. Haji mtu. Nikimaliza zamu nikakaa naye kidogo, msimamizi hunikumbusha kwamba nikishatoka kwenye saa ya kazi bima hainitambui, niende nyumbani.

Wasisemwe hawana ujirani kabisa, hata hivyo. Jengo ninalokaa lina zamu ya kufagia ngazi, Kehrwoche, kibao kinaning'inizwa mlangoni kwa mwenye wiki. Bibi wa ghorofa ya chini goti lilipomshinda nikawa nafagia wiki yake, na Pasaka nikampelekea sahani ya pilau. Sahani ilirudi na keki. Keki kavu, lakini ilirudi na kitu, na hakuna aliyemfundisha.

Narudi nyumbani, ambako ndiko ninakotaka neno langu lifike. Kina nani Tanga hawana cha kurudisha? Wapo, tunapishana nao kila tukienda Muheza. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, 62 ikapona, na kutokana nayo Tanga ikawa Tanga. Mashamba yakahitaji watu. Wakaletwa Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde wa Msumbiji, Warundi: manamba. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani kama 230,000 za mkonge; kisha kamba za plastiki zikaushusha bei, mashamba yakafa moja baada ya jingine, na vijana wakaondoka. Waliobaki kambini ni wazee, kwenye mabanda yale yale. Kijiji walikotoka hakiwajui tena. Mtu aliyezaliwa Burundi, hana ndugu wa kumthibitisha, hata kitambulisho cha NIDA kwake ni kisa kirefu.

Nikiwa kwaya ya vijana tulikwenda kuimba kwenye kambi mojawapo tukakuta mzee Muha amefariki usiku. Jeneza lilikuwa la mbao za maboksi. Tulichimba sisi, tukaimba, tukarudi mjini tukiwa na njaa. Daftari halikuwepo, maana nani angeandika nini? Hakuwa na deni kwa mtu, wala mtu hakuwa na deni kwake. Wala sijui kama alikuwa Mkristo. Hatukuuliza, na nadhani hiyo ndiyo ibada pekee ya utoto wangu ambayo Mwenyezi Mungu hakuigawana na katibu.

Najua nitakayojibiwa. Kwamba ni kazi ya serikali, kuna TASAF, mfuko wake wa kusaidia kaya maskini. Kwamba kwangu mimi niliyeko Ulaya ni rahisi kusema. Hili la pili ni kweli, ndiyo maana sitaki kutuma pesa peke yake. Pesa ya mtu wa nje inajua kuharibu: inaandikwa ya kwanza, inasomwa kwa sauti, halafu kila mtu anangoja yangu ije tena. Ninachoomba ni jumuiya ichague kambi moja, iende mara kwa mara ibada ifanyikie huko, mwenye mchele aje na mchele, vijana wakarabati paa, na akifa mtu turubai letu litoke hata kama jina lake halimo popote. Majirani zetu Waislamu waalikwe tangu mwanzo; wao kwa sadaka ya siri wana mazoea kuliko sisi. Nauli za mwaka mzima nitalipa mimi, na jina langu lisisomwe.

Kikao ni Jumamosi. Nimemwomba katibu aiweke hoja hii kabla ya ile ya sare za kwaya, maana tukishaanza vitenge hatumalizi.