Namba 7 ya frigo haiharakishi baridi

Umeme ukirudi Lubumbashi baada ya delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) ya siku nzima, katika nyumba nyingi mkono unakimbilia frigo. Mlango unafunguliwa, kitufe cha termostati kinazungushwa mpaka 7, "ipate baridi mbio." Halafu kinaachwa hapo wiki nzima. Tabia hii inaharibu chakula na kuchosha kompresa, ile mota ya nyuma inayosukuma gesi, na inaniuma zaidi kwa sababu nyumba zinazofanya hivi ndizo ambazo hazina pesa ya kununua frigo nyingine.

Namba zile si digrii, wala si mwendo. Termostati ni swichi. Ndani yake kuna kijibomba chembamba chenye gesi, ncha yake imegusishwa kwenye bati la baridi. Bati likipoa, gesi inasinyaa na swichi inakata. Bati likipata joto, gesi inatanuka na swichi inawasha. Kitufe kinachagua tu ni wapi pa kukatia. Kompresa ya kawaida ina mwendo mmoja: kwenye 3 inasukuma kwa nguvu ileile ya kwenye 7, na maji yako yatashuka kufika digrii 5 kwa muda uleule.

Anayebisha apige hesabu ya chombo cha kuchemshia maji ya kuoga, maana kanuni ni ileile. Tanki la lita 80 lenye kipasha cha wati 1500 linapandisha maji digrii 16 hivi kwa saa moja. Kama maji yalikuwa digrii 20, baada ya saa moja yatakuwa 36. Uweke kitufe kwenye 60 au kwenye 75, ni 36. Umeme ukikaa saa moja tu kisha ukatwe, hakuna kitufe kitakachokupa zaidi. Klimatizeri ya kawaida vivyo hivyo: 16 haipoozi chumba mbio kuliko 24.

Sasa, kwenye 7 nini kinatokea? Kwenye frigo ya mlango mmoja kompresa inakosa kusimama. Unyevu wote wa ndani unaganda juu ya bati, na barafu ikifika unene wa milimita 5 inaanza kuzuia baridi isitoke. Nyanya na lenga-lenga zilizo nyuma zinaganda na kuwa maji, huku maziwa ya mlangoni yanachacha. Mama anaona "frigo haipoi" na kitufe tayari kiko mwisho. Wengine wanachukua kisu kung'oa barafu. Bati lile ni aluminiamu nyembamba. Likitobolewa, gesi yote inaondoka. Barafu inayeyushwa kwa kuchomoa waya na kuacha mlango wazi, basi. Na ni kuchomoa kweli, kwa sababu 0 inasimamisha kompresa tu. Umeme bado uko ndani, taa inakuonyesha.

Nakubali, mwezi wa kumi jua la Katanga si mchezo. Lakini hapo tazama kwanza kibandiko cha ndani. Frigo nyingi za okazio (zilizokwisha kutumika) zinazotoka Ulaya zimeandikwa N au SN, maana yake zimetengenezwa kwa chumba kisichozidi digrii 32. Ya T inavumilia mpaka 43. Frigo ya N kwenye jiko la digrii 36 itahangaika kwenye namba yoyote. Inahitaji kivuli, na nafasi ya sentimita 10 nyuma ili joto litoke. Nakubali pia kwamba zile za kisasa zenye kompresa ya inverter zinabadilisha mwendo. Nyumba ngapi za mitaa yetu ya Katuba au Kenya, hapa Lubumbashi, zinazo?

Watengenezaji nao wana kosa lao. Zile za milango miwili zisizoshika barafu kwenye kuta zina vitufe viwili, na kila mtu anaamini kimoja ni cha juu, kingine cha chini. Kwa nyingi si hivyo. Kompresa ni moja, termostati ni moja. Kitufe cha pili kinafungua au kufunga kijidirisha cha hewa kati ya vyumba viwili. Ukiongeza baridi ya juu, kwenye konjelateri (sehemu ya kugandisha), kijidirisha kinajifunga na chini kunapata joto. Weka vyote viwili katikati, kisha gusa kimoja tu kwa siku moja.

Namna ya kupima ni rahisi. Tia kipimajoto ndani ya glasi ya maji, weka katikati ya frigo, acha usiku kucha. Unatafuta digrii 4 au 5. Ikiwa 8, ongeza namba moja, ngoja saa 24, upime tena. Kwa kawaida utaishia kwenye 3 au 4.

Na umeme ukikatwa, chomoa. Usifungue mlango: frigo iliyofungwa inashika baridi saa 4 hivi, konjelateri iliyojaa hata saa 48. Pajaze mahali patupu kwa chupa za maji. Umeme ukirudi, ngoja dakika 5 kabla ya kuchomeka, maana unaweza kukatika tena papo hapo, na kila kompresa ikisimama presha ya gesi inapaswa kusawazika kwanza. Kompresa ikilazimishwa kuanza mapema inakwama, inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida, kikinga joto kinakata "tak", kinajaribu tena, mpaka waya za ndani ziungue. Umeme dhaifu unafanya vivyo hivyo, kwa hiyo stabilizateri, kifaa cha kusawazisha volti, ni bora kuliko kitufe chochote.

Frigoristi akija na kusema "gesi imeisha", muulize kwanza kama ameangalia barafu, namba ya kitufe na volti za ukutani. Gesi ya frigo hailiwi. Imefungwa ndani ya bomba. Ikipungua, kuna tundu. Akuonyeshe tundu kwa povu la sabuni, alizibe, ndipo ajaze na alipwe.