Mbuzi Namba Saba

Mimi ni mtu wa Dodoma. Nalisema mapema ili mjue kosa lilipoanzia.

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Tanga, kamati ya madawati ilinituma Ngamiani na barua yenye mhuri, niombe vitu vya kunadi. Mnada wenyewe wa kimyakimya: kila kitu kinakaa mezani na karatasi yake, anayekitaka anaandika namba yake na bei, anayefuata anapandisha si chini ya shilingi 2,000, saa 11 jioni karatasi zinakusanywa. Sasa waeleze hayo watu waliozoea mnada wa samaki wa Deep Sea!

"Bila kelele?" akaniuliza muuza vipuri vya baiskeli. "Huo si mnada, mwalimu. Huo mtihani wa darasa la saba."

Hata hivyo akatoa tairi. Moja. Kinyozi akatoa kunyoa mara sita. Kisha nikabisha hodi kwa bibi mmoja, nikaamkia, nikamsomea barua yote mpaka mhuri.

"Pesa sina, mwanangu," akasema. "Ila mbuzi yangu ninayo huko uani, imekaa tu. Meno yake mazima kabisa. Siku yenyewe mtume kijana aje aichukue."

Mtu wa Tanga angesikia "ninayo" akaelewa papo hapo. Sisi wa bara tunasema mbuzi yangu, ng'ombe yangu, na wengine hata mwalimu yangu; ngeli tulizishusha njiani. Na hayo meno ndiyo yaliyonimaliza. Kwetu mbuzi akifika mnadani hufunuliwa mdomo kwanza, umri wake uko humo. Nikasema moyoni, bibi huyu mfugaji. Nilimshukuru nusura nipige magoti. Akanitazama kidogo, akanyamaza.

Siku ya mnada mbuzi alikuwa hajaletwa, basi karatasi namba 7 nikaichora mwenyewe: pembe, ndevu, na mkia ulioinuka. Bei ya kuanzia 50,000. Muuza supu akaandika 60,000. Baba mmoja mwenye akika ya mtoto akaweka 70,000. Wakapishana pale mezani kimya, kila mmoja akiificha kalamu kwa kiganja, hadi 115,000 ya mwenye akika. Alikuja na kamba yake kabisa, na majani kwenye kikapu cha baiskeli.

Saa 11 kasoro kijana akaingia na gunia begani. Halichezi, halilii.

"Amekufa njiani?" nikamuuliza.

"Nani?"

Akalifungua. Kikatoka kibao cha kukalia, kimeng'aa kwa makalio ya miaka mingi, na mbele yake ulimi wa chuma. Meno mazima kweli, na chicha kavu bado imenasa katikati.

Kimya cha mnada kikaishia hapo. Muuza supu alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Mwenye akika akaninyooshea kamba: "Mwalimu, hebu nionyeshe pa kuifunga."

Karatasi ikachanwa. Mkewe, ambaye hakuwa amecheka, akaijaribu kuikalia, akapitisha kidole kwenye meno, akatoa 8,000.

Kesho yake nikampelekea bibi taarifa.

"Elfu nane tu?" akasema. "Kwa ulivyonishukuru siku ile, nilidhani inakwenda kujenga shule."