Sikudai Hela Ukumbini, Jamani

Kwanza ile habari mnayopokezana kwenye magrupu, eti nimetundika bango la deni kwenye harusi ya watu, sivyo ilivyokuwa. Aliyeisambaza ni shoga yangu mpambaji, na najua anasoma hapa huku anacheka. Simu zilizuiwa mlangoni, picha hakuna, basi kila anayesimulia anatia chumvi na ndimu. Mimi nilikuwepo. Tena mbele kabisa.

Mnaonifuata toka zamani mnakijua kilio changu. Mteja anakuja studio hapa Ngamiani, Tanga, anapigwa picha mikao yote, halafu anaomba sampuli moja ndogo: "Nikamwonyeshe mama, nitarudi kulipia zile kubwa." Harudi. Sampuli inakatiza barabara mbili, inaingia steshenari, inaskaniwa, inakuzwa, inatundikwa sebuleni juu ya televisheni. Ukienda kuwasalimia unakaribishwa chai chini ya jasho lako mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 na picha zimo, lakini haya, nenda wewe ukamsomee vifungu mama wa bi harusi.

Nikatafuta dawa. Nikiandika jina la studio katikati ya picha, wateja wananuna. Nikitumia karatasi ya vipelevipele, kijana wa steshenari anavisawazisha kwenye kompyuta. Nikasoma kwamba Kodak waliwahi kubuni vitone vya njano visivyoonekana kwa macho, mashine ikivitambua inagoma kutoa kopi. Ila mashine yenyewe lazima iwe imefundishwa kuvitafuta, na ile ya barabara ya pili haijafundishwa hata kuvuta karatasi moja moja.

Ndipo nikakutana na ujanja wa kwenye hundi za benki. Unatengeneza rangi hafifu kwa vitone: vidogo sana vilivyosongamana ndiyo mandhari, vikubwa kidogo vilivyoachana ndiyo maandishi. Jicho linaona kijivu kimoja tu, kimetulia. Ukitoa kopi, mashine haivinasi vile vidogo, vinapotea, vikubwa vinabaki, na neno linajitokeza lenyewe. Wenzetu huko huandika neno lenye maana ya "batili". Nikajiuliza, batili kwenye picha ya harusi? Si nuksi hiyo! Acha niweke kitu cha heshima, cha kibiashara.

Nikaweka HAIJALIPWA.

Mnacheka nini? Subirini.

Ukumbi ulikuwa upande wa Raskazone, wanawake watupu, udi unafuka. Mstari wa mbele wakwe: mama wa bwana harusi na mashangazi wametoka Pangani, dhahabu mpaka viwiko. MC anatangaza zawadi ya mama kwa mwanawe. Linaletwa fremu kubwa kuliko mlango wa studio yangu, limefunikwa kitambaa cha lesi. Mimi nimeshapiga goti, kamera jichoni, nasubiri chozi la mama.

Kitambaa kikavutwa, kikanasa kwenye kona ya fremu. Kikaanza kuteremka polepole, kutoka kushoto.

Nikaona bega. Mwanga wangu ule, nikautambua. Pazia langu. Moyo ukaanza kunienda mbio. Pembeni pakatokea herufi tatu, nyeusi tii, maana kijana alikuwa amekoleza picha ing'ae. HAI. MC naye, si unamjua MC, kinachopita mbele ya macho lazima kipite kwenye kipaza sauti: "Haaai..." Nyuma kuna mtu akapiga kigelegele. Kitambaa kikasogea. "Haija..." Nikatamani kitambaa kinase tena. Hakikunasa. Kikapita kifuani juu ya gauni jeupe, kikaanguka chini chote, na MC akamalizia kwa sauti ambayo sasa ilikuwa inaomba msaada: "...lipwa."

Na pale kona ya chini, safi kabisa, jina la studio yangu na namba ya simu.

Shangazi mmoja wa Pangani akainuka. "Haijalipwa nini? Mahari tumeitoa jana mbele ya shehe na mashahidi! Mlitaka risiti?"

Mama wa bi harusi akanitazama. Mimi nikatazama lenzi. Aseme nini, maskini? Kwamba picha kaichukua kama sampuli, akaikuzia steshenari? Mbele ya wakwe? Akabaki anarekebisha mtandio ambao ulikuwa umekaa sawa. MC, Mungu anamwona, akaniletea kipaza sauti. "Mwenye studio yupo, atufafanulie."

Sasa hapa ndipo ningeweza kusema limeharibika printa. Umeme umekatika. Chochote! Ulimi wangu ukaamua kuwatetea wenyewe:

"Hapana shangazi, mahari imelipwa. Ni picha ndiyo haijalipwa."

Nilisikia feni. Halafu nyuma huko, "Heeee!" ndefu ya mtu mzima, na ukumbi ukapasuka. Somo wa bi harusi, mama mwenye akili, akavua kanga yake mbio akalifunika bango. Nikamshukuru moyoni. Kisha nikaisoma kanga: LISEMWALO LIPO, KAMA HALIPO LAJA.

Yaliyobaki ni machache. Taarabu ikafunguliwa, watu wakaenda kutuza, bi harusi alicheka mpaka wanja ukamwagika (ndiyo hasira ya yule mpambaji, msidanganyike), pilau sikuigusa. Asubuhi hela yote ikaingia kwenye simu, bila salamu.

Jioni kijana wa steshenari akaja studio, amesimama mlangoni mpole. Nikajua kaja kuomba radhi.

"Dada, yale maandishi niliyaona, nikadhani ni mambo yenu na yule mama."

"Sasa unataka nini?"

"Naomba namba yake. Lile bango hajanilipa."