Kikohozi cha dawa ya presha kisiandikiwe dawa nyingine

Kuna tabia moja kwenye kliniki zetu za presha inayonikera kwelikweli: mgonjwa kuandikiwa dawa mpya ili kutibu madhara ya ile ya zamani, bila mtu kuuliza hayo madhara yametoka wapi.

Chukua enalapril. Ni dawa nzuri ya presha, hasa kwa mwenye kisukari ambaye figo zake zimeanza kupitisha protini kwenye mkojo, ila baadhi ya watu huwaletea kikohozi kikavu kisichokoma. Shangazi yangu kilimpata. Kila akienda kliniki anarudi na dawa ya maji ya kifua, mara na antibiotiki. Akapigwa picha ya kifua, hakuna kitu. Muda wote huo neno enalapril limeandikwa kwenye daftari lake la kliniki, ukurasa uleule uliokuwa wazi mezani. Alipopata daktari wa kulisoma, alihamishiwa losartan, dawa ya presha ya kundi jingine, na kikohozi kikakata.

Amlodipine, dawa nyingine ya presha, nayo huvimbisha miguu, zaidi dozi ikifika miligramu 10. Mgonjwa akilalamika anapewa Lasix, dawa ya kukojoa, ambayo haimsaidii sana, maana uvimbe huo hautokani na maji kuzidi mwilini. Mishipa midogo imetanuka, maji yanavujia kwenye nyama za miguu. Basi anaamka usiku kucha kukojoa, madini ya potasiamu mwilini yanashuka, na miguu iko vilevile. Mara nyingi ingetosha kumrudisha kwenye miligramu 5 na kumwongezea kidonge cha kundi jingine.

Tena dawa mbili kwa dozi ndogo ndiyo njia iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2021, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba amlodipine ikiambatana na dawa ya kukojoa, au na perindopril (ya kundi moja na enalapril), inashusha presha kuliko hizo mbili zikipewa bila amlodipine.

Foleni ni ndefu, naelewa. Hata hivyo daktari aseme: ukikohoa bila mafua, au miguu ikivimba, usiache dawa, njoo tubadilishe. Asiyeambiwa huacha vidonge kimyakimya. Na wewe unayetumia, siku ya kliniki beba vidonge vyote, hata vya duka la dawa, uulize kimoja kimoja kinatibu nini.